Zoom H1n mitaani Dar es Salaam: kinasa sauti cha mtafiti wa maisha ya kila siku

Anayechunguza maisha ya watu wa mjini anafanya kazi na maneno yao. Namna wapangaji wa nyumba moja wanavyogawana gharama ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), namna wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanavyomkabili mwenzao aliyechelewesha rejesho, namna wazee wa kijiwe cha kahawa wanavyomkatiza kijana lakini hawamkatizi mzee mwenzao: yote yamo kwenye mazungumzo, na kalamu haiwezi kuyafuata kwa kasi yake. Daftari litakuambia kilichosemwa. Halitakuambia kwamba mtu alinyamaza kidogo kabla ya kutaja deni, wala kwamba wawili walijibu kwa pamoja kisha mmoja akamwachia mwenzake. Kwa hiyo kinasa sauti si pambo, na kukichagua vibaya kunaharibu utafiti mzima.

Zoom H1n ilitoka mwaka 2018, ikiuzwa Marekani kwa karibu dola 120. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: kurekodi maongezi ya kawaida, kwa Kiswahili, ndani ya Dar es Salaam. Muziki na video vina wapimaji wake.

Ina uzito wa gramu 60 bila betri na urefu wa karibu sentimita 14. Kichwani kuna maikrofoni mbili zilizopishana kwa pembe ya nyuzi 90. Usoni kuna gurudumu la kupandisha na kushusha sauti inayoingia, lenye namba kutoka 0 hadi 10, kioo kidogo, kitufe cha kurekodi kinachowaka chekundu, na vitufe vinne vya mambo yanayoguswa mara nyingi: kukata mngurumo, kuzuia sauti isipasuke, kujipanga kwa sauti yenyewe, na aina ya faili. Hapo ndipo mashine hii inapowapita wenzake wa bei hiyo. Hakuna haja ya kuzama kwenye menyu mtu akiwa ameshaanza kukusimulia habari za mwanawe. Unageuza gurudumu kwa dole gumba, unabonyeza, macho yako yanabaki kwa mwenye kusema. Katika mahojiano ya kina hilo lina thamani kuliko ubora wowote unaoandikwa kwenye boksi.

Kwenye aina ya faili, chagua WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya kHz 44.1 na biti 16. Saa moja inachukua karibu MB 635, kwa hiyo kadi ya GB 32, ambayo ndiyo kubwa zaidi inayokubalika humu, inabeba kama saa 50. Ipo pia kHz 96 kwa biti 24, inayokula nafasi zaidi ya mara tatu bila kukuongezea neno hata moja. MP3, yaani sauti iliyobanwa, ya kbps 128 ni nyepesi, karibu MB 58 kwa saa, na inatosha kumbukumbu za kikao. Lakini kama unataka kusikia pumzi, mguno na maneno yaliyogongana, kaa kwenye WAV. Faili likifika GB 2 mashine inafungua jingine yenyewe, yaani baada ya saa 3 na dakika 20 hivi. Ukikuta kikao kirefu cha ukoo kimekatika vipande viwili, hakuna kilichopotea.

Kitufe cha kujipanga kwa sauti yenyewe kizime, na kisiwashwe tena. Kinaonekana rafiki wa anayeanza, lakini kwenye nyumba za Dar kinaharibu. Mtu anapoongea, mashine inashusha sauti. Anaponyamaza kutafakari, mashine inadhani kuna upungufu, inapandisha, na kinachopanda ni pangaboi. Matokeo yake, kila kimya katika rekodi yako kinajaa mvumo wa feni unaopanda na kushuka, na kimya ndicho ulichokuwa unakitafuta. Ukirudi kusikiliza huwezi kupima mtu alisita sekunde ngapi.

Badala yake panga kwa mkono. Mwombe mhojiwa akueleze jambo jepesi, kwa mfano leo amekula nini asubuhi, kwa sauti yake ya kawaida. Geuza gurudumu mpaka mistari ya kipimo iwe inagusa karibu na desibeli -12 pale anapotia mkazo. Kisha ongeza akiba, maana watu hupaza sauti hadithi ikinoga, hasa wakifika kwenye ugomvi wa mwenye nyumba. Ni heri rekodi iwe chini kidogo kuliko ipasuke: iliyo chini inapandishwa baadaye kwenye kompyuta, iliyopasuka haina tiba.

Kizuizi cha kupasuka kina kazi yake vijiweni. Penye drafti, mchezaji anayekula kete tatu hupigiza kizibo kwenye ubao kwa nguvu zote, na mlio huo ni mkali kuliko sauti yoyote ya binadamu hapo. Kizuizi kikiwa kimewashwa, mlio unabanwa na neno lililofuata linasikika. Kwenye chumba cha watu wawili hakihitajiki.

Kukata mngurumo kuna ngazi tatu: Hz 80, 120 na 160. Ndani ya nyumba tulivu tumia 80. Karibu na barabara ya daladala au penye jenereta panda hadi 120. Ngazi ya 160 iepuke kwa wahojiwa wanaume, kwa sababu sauti ya mwanaume mzima inaanzia kati ya Hz 85 na 180 hivi, na ukikata hapo juu inabaki nyembamba, haina kifua. Maneno utayasikia, lakini kama unachambua mkazo na kiimbo umejinyima.

Sasa mahali pa kuiweka, maana nusu ya rekodi mbovu zinatokana na hapa. H1n ina mwili wa plastiki, na plastiki hiyo inapitisha kila mguso. Kidole kikisogea tu kinasikika kama mtu anakwaruza ukuta. Usiishike mkononi wakati wa mahojiano. Ukiiweka moja kwa moja juu ya meza, kila kikombe cha chai kinachotuliwa ni kishindo, na simu inayotetemeka upande wa pili wa meza inasikika kama mashine ya kusaga. Kunja kanga mara nne, iweke juu ya kigoda au meza, kinasa sauti juu yake, maikrofoni zikielekea kwa mhojiwa, umbali wa sentimita 30 hadi 60. Nyuma kuna tundu la kawaida la stendi ya kamera, hivyo stendi fupi ya mezani nayo inafaa, ila bado weka kitambaa chini ya miguu yake. Simu zote zikae mbali mita moja au zaidi, kwa kuwa simu inayotafuta mtandao wa zamani inaingiza mdundo wa "di-di-di" ndani ya rekodi hata ikiwa kimya.

Kwa watu wawili, kaeni kwa pembe badala ya kutazamana, ili mmoja aangukie maikrofoni ya kushoto na mwingine ya kulia. Utakapovaa hedifoni kunakili, sauti zitakuwa zimeshajitenga zenyewe, na kujua nani alisema nini kunakuwa rahisi sana.

Kwa duara la watu, mashine inaonyesha udhaifu wake. Maikrofoni zake zinasikia mbele kuliko nyuma. Ukiilaza katikati ya mkeka wa akina mama sita, watatu watasikika kama wako chumbani na watatu kama wako uani. Dawa ni kuisimamisha wima kwenye stendi, maikrofoni zikitazama juu, ili kila mmoja awe ubavuni mwake kwa usawa, kisha upandishe gurudumu kidogo kufidia. Inasaidia, lakini kama kazi yako yote ni vikundi, Tascam DR-05X inakufaa zaidi, maana maikrofoni zake zinapokea pande zote, na inatumia betri za AA zinazodumu muda mrefu kuliko hizi.

Mhojiwa anayefanya kazi huku anaongea anahitaji mpango mwingine. Mama ntilie hawezi kukaa sentimita 40 kutoka kwenye kigoda chako: anageuka kwenye sufuria, anamhudumia mteja, anamwita kijana alete maji, na mafuta yanachachatika. H1n ina tundu la maikrofoni ya nje ubavuni na inatoa umeme mdogo wa kuiendesha, hivyo unaweza kubana maikrofoni ndogo ya nguo kwake na mashine ikakaa kwenye mfuko wa aproni. Angalia mambo mawili. Maikrofoni nyingi za nguo zimetengenezwa kwa ajili ya simu. Pini yake ina pete tatu nyeusi badala ya mbili, na ukiichomeka humu bila adapta sauti inakuja dhaifu au haiji kabisa. Pili, ibane nje ya ushungi au mtandio, si chini yake, na ukunje waya kitanzi kimoja karibu na kibanio ili mvuto wa waya usifike kwenye maikrofoni. Kitambaa kinachosugua kinafunika maneno yote. Vaa hedifoni usikilize kwa dakika moja kabla hujamwacha aendelee na kazi yake.

Kelele za jiji hili zina ratiba, na mtafiti mzuri anaijua kuliko anavyojua mashine. Kariakoo rekodi asubuhi kabla maduka hayajachangamka, au panda ghorofani. Penye msikiti jirani, adhana ikianza simamisha rekodi na usubiri. Ni adabu kwa wenyeji, na pia hutapata neno chini ya kipaza sauti. Penye baa inayopiga singeli usijidanganye kwamba utasafisha baadaye, kwa sababu muziki umekaa kwenye sauti zilezile za maneno. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, ikigonga bati hakuna mpangilio wowote utakaookoa mahojiano. Funga daftari, kunywa chai na wenyeji, rudi siku nyingine. Na pangaboi ombeni lizimwe kama joto linavumilika. Lisipovumilika, punguza kasi na msogeze mhojiwa lisimpulizie moja kwa moja, maana upepo wake kwenye maikrofoni ni mbaya kuliko mvumo wake.

Upepo ni habari yenyewe kule Feri, Kigamboni na Coco Beach. Maikrofoni za H1n zilivyo wazi, hata pumzi ya bahari inazifanya zingurume. Sponji ya kufunika kichwa inauzwa peke yake au ndani ya kifurushi cha vifaa kiitwacho APH-1n, na inatosha uani au kibarazani. Ufukweni sponji haitoshi, tafuta kifuniko cha manyoya. Hewa ya chumvi nayo haifai kwa chuma na waya: mashine ikalale kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mkali, na vipakiti viwili vitatu vya silika, vile vya kunyonya unyevu, ndani yake.

Betri ni mbili za AAA, zile nyembamba za rimoti, na zikiwa alkalini nzuri zinafika karibu saa 10. Betri za bei ya chini kabisa zinazopangwa kwenye meza za barabarani zinakufa katikati ya maongezi bila onyo la kueleweka. Za kuchaji ni nafuu kwa muda mrefu, ila ingia kwenye mipangilio uieleze mashine ni aina gani, la sivyo kipimo cha chaji kinakudanganya. Inaendeshwa pia kwa pawabenki kupitia USB ndogo ya zamani (micro-USB). Hapo kuna mtego: mashine inavuta umeme mdogo mno, na baadhi ya pawabenki zinadhani hakuna kitu kimechomekwa, zinajizima. Acha betri ndani kila wakati. Ukishaanza kurekodi, sukuma swichi ya ubavuni upande wa kufunga vitufe, mtoto akiigusa isisimame.

Memori kadi zinahitaji mashaka zaidi. Ziko kadi bandia zinazojitangaza GB 32 wakati ndani zina nafasi ndogo. Zinarekodi vizuri siku za kwanza, kisha faili jipya linaandikwa juu ya la zamani au linakuwa tupu. Kabla ya kazi, ijaribu kadi kwa programu ya bure, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac: inaijaza yote, inasoma tena, inakuambia ukweli. Kisha iformati ndani ya kinasa sauti chenyewe, si kwenye kompyuta.

Hakuna mashine inayokupa haki ya kurekodi. Kibali cha utafiti kinatolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na baada ya hapo barua zinashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, mpaka serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa akikujua, mjumbe anakujua, na watu hawatakuita mpelelezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakugusa, kwa kuwa sauti ya mtu ni taarifa yake. Lakini ridhaa ya kweli inapatikana kwa kauli. Salimia, subiri marahaba, kisha mashine ikiwa mezani imezimwa useme: "Mama, ninaandika kuhusu maisha ya wapangaji wa hapa mtaani. Naomba nirekodi maongezi yetu nisije nikakosea maneno yako. Jina lako sitaliandika. Ukitaka nizime, niambie tu, nitazima papo hapo." Akikubali, washa, taja tarehe na namba ya mahojiano, muulize tena ili jibu lake liwemo ndani ya rekodi. Taa nyekundu iache aione. Kwenye msiba usitoe mashine kabla wenye msiba hawajaulizwa kupitia mtu wao, na mara nyingi jibu la heshima ni daftari tu, tena baada ya kuzika. Kwenye VICOBA, simamisha rekodi wakati majina na hisa zinasomwa.

Jioni ndipo wengi wanapoharibu. Mashine inayapa mafaili majina ya ZOOM na namba, kwa hiyo baada ya wiki mbili huna namna ya kujua lipi ni la Tandale na lipi la Mbagala. Siku ileile badilisha jina: tarehe, kata, namba ya mhojiwa, basi. Orodha inayounganisha namba na watu ikae mahali pengine penye nywila. Betri zikikaa nje muda mrefu saa ya ndani inarudi mwanzo, kwa hiyo hakiki tarehe kila unapobadilisha. Weka nakala mbili sehemu mbili tofauti, moja nje ya nyumba, ndipo ufute kadi.

Kunakili saa moja ya maongezi safi ya watu wawili kunachukua saa 4 hadi 6, na duara la watu wenye kelele linaweza kufika 10. Programu ya ELAN, inayotolewa bure na taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, inakuwezesha kumwekea kila msemaji mstari wake na kuonyesha pale walipogongana. Programu zinazoandika zenyewe zinasaidia kwenye Kiswahili cha taarifa ya habari. Kwenye Kiswahili cha kijiweni, chenye mafumbo, Kiingereza kidogo na sentensi zinazomaliziwa na mtu mwingine, zinabuni maneno ambayo hayakusemwa. Kila mstari usikilize kwa masikio yako.

Je, simu haitoshi? Kwa mahojiano mafupi na mtu mmoja chumbani, inatosha, ukiiweka hali ya ndege. Penye watu wengi, simu nyingi hupunguza kelele zenyewe, na kelele zinazopunguzwa mara nyingine ni sauti ya bibi aliyekaa kona. Tena simu mkononi inamwambia mhojiwa kwamba una shughuli nyingine.

Mwenye H1n inayofanya kazi hana sababu ya kuibadilisha. Anayenunua leo kwa mara ya kwanza aitazame H1essential, ya mwaka 2024: inarekodi kwa biti 32 za desimali, hivyo hakuna gurudumu la kupanga na sauti haipasuki kirahisi, inatumia USB-C, na inapokea kadi kubwa zaidi. Gharama yake ni ukubwa wa mafaili, kama GB 1.4 kwa saa kwa kHz 48, na haina MP3. Ukiwa unatuma rekodi kwa msimamizi wako kwa bando la simu, zigeuze kwanza kuwa MP3 kwenye kompyuta, na WAV ibaki kwako.